Walihamisha mashine, ripoti zetu wakaziacha

Nilisema ningoje hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Ofisi yetu hapa Dodoma inatunza hesabu za wanachama kwenye AS/400, mfumo wa kompyuta wa IBM kwa ajili ya biashara, ambao siku hizi unaitwa IBM i. Tuliita kampuni kutoka Dar ituhamishie kila kitu kwenda mashine mpya. Fundi wao akapanda SGR, akakesha na kazi. Maktaba, yaani mafungu yanayobeba data ndani ya mfumo, na programu vilihama vizuri, hapo sina neno.

Asubuhi mama mhasibu akaja anataka ripoti za kufunga mwezi, mkaguzi anazisubiri. Nikafungua WRKOUTQ, amri inayoonyesha foleni za kuprinti, ambako ripoti zilizokwisha kutolewa hukaa. Foleni za kuprinti zipo zote kwa majina yake, lakini safu ya idadi ya faili ni 0, 0, 0 mpaka chini ya skrini.

Nikamwuliza fundi. Huku anakunja waya zake akanijibu, "Dada, hizo si karatasi tu? Ziprintini upya." Mama mhasibu amesimama palepale, mtu wa kumzaa, hata shikamoo hakupewa! Tuziprinti upya vipi? Ripoti ya kufunga mwezi inabeba salio la siku ile. Ukiiendesha leo inakupa salio la leo, na mkaguzi hana shida na la leo.

Amri ya SAVOBJ, ya kuhifadhi vitu ili uvihamishe, ina kipengele cha SPLFDTA. Usipokigusa kinabaki *NONE: unabeba foleni, yaliyomo unayaacha. Zamani kweli ilikuwa taabu. Ulinakili ripoti kwa amri ya CPYSPLF, fonti na mpangilio vinapotea, au unazirusha kwa mtandao kwa amri ya SNDTCPSPLF moja baada ya nyingine. Lakini kipengele hiki kipo tangu toleo la V5R4, mwaka 2006! Mtu anayelipwa kwa kazi hiihii anakosaje kukijua?

Ashukuriwe Mungu mashine ya zamani ilikuwa bado inawaka. Nikahifadhi foleni upya, SPLFDTA nikaiweka *ALL, nikarejesha upande wa pili kwa RSTOBJ. Jamani! Zimerudi na jina la kazi, mtumiaji na namba zilezile za awali. Mama mhasibu akatoa ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole kwenye safu ya salio, kila tarakimu imekaa mahali pake. "Mwanangu, ubarikiwe." Kwa mfumo wenyewe natoa nyota tano bila kusita. Kitu kimefikiriwa na watu wanaojua thamani ya ripoti.

Kampuni nilikuwa nimeshaiandikia nyota tatu, maana data ilifika salama na fundi hakulala. Kisha ankara yao ikaingia. Ndani yake kuna mstari wa "kurejesha ripoti". Kurejesha ripoti! Kazi niliyoifanya mimi, yeye akiwa ameshapanda treni kurudi Dar! Nyota moja, na hata hiyo nawapa kwa ajili ya maktaba tu. Mstari ule hatuulipi, na bosi ameshawaandikia hivyo.