TAHADHARI: Mashine ya "kupima mwili mzima" kwa elfu kumi. Nimeijaribu kwa kitambaa kibichi, kikakutwa na tezi dume

Wakuu, habari za saa hizi. Leo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie. Hili jambo limeingia nyumbani kwetu, likaondoka na hela ya kikoba, na nusura liondoke na mtu.

Hapa Morogoro kuna watu wanazunguka na meza, mwavuli, kompyuta na kijisanduku cheupe chenye waya na kijiti cha chuma cha kushika mkononi. Wateja wangu wa Dodoma na Iringa wameniambia kwao wapo pia. Bango linasema: "Pima mwili mzima kwa sh. 10,000. Hakuna sindano, hakuna damu, majibu dakika moja." Unashika kijiti, kompyuta inaonyesha moyo unadunda na mistari inapanda na kushuka, halafu printa inatoa karatasi. Ini, figo, mishipa, kalsiamu, homoni, "sumu mwilini", "damu nzito". Kila kitu kina namba yake, tena yenye desimali tatu. Wenyewe wanaiita kwantamu.

Ukiikuta, pita. Kama umeshapimwa, usinunue maboksi ya virutubisho wanayouza. Na kama umeshanunua, nakuomba sana usiache dawa zako za hospitali.

Mama mkubwa wangu ana miaka 63 na presha anaijua tangu 2014. Anameza amlodipine kila jioni baada ya taarifa ya habari, hajawahi kusumbua mtu. Siku moja ya gulio akaikuta ile meza. Kijana amevaa koti jeupe, kile kifaa cha kusikilizia mapigo kaning'iniza shingoni, kila sentensi "mama yangu". Akapimwa. Karatasi zile ninazo, kurasa kumi na moja: mishipa ya moyo imeanza kuziba, figo zimechoka, na kwenye kizazi kuna uvimbe.

Kizazi chenyewe alitolewa kwa upasuaji mwaka 2009.

Aliuliza, maana mama mkubwa si mjinga. "Mwanangu, mbona kizazi kilishatolewa?" Kijana bila kupepesa macho akamjibu: "Mizizi yake imebaki, mama yangu, ndiyo inayosumbua." Halafu sasa, katika kurasa zote kumi na moja hakuna hata namba moja ya presha. Ugonjwa mmoja alionao kweli, unaopimwa kwa mkanda wa mkononi kwa dakika mbili, mashine ya mwili mzima haikuuona.

Akanunua maboksi matatu ya virutubisho, 65,000 kila moja. Jumla 195,000, hela aliyokopa kikoba kwa ajili ya mbegu. Na akaambiwa maneno haya, nimemuuliza mara tatu na hajabadilisha hata moja: "Dawa za hospitali zitagongana na hizi, zipumzishe mwezi mmoja."

Siku ya kumi na tisa nikapigiwa simu na jirani yake. Kichwa kinamgonga, anatapika, macho yanaona ukungu. Tukambeba kwa bajaji. Walipompima walikuta 204/118. Akalazwa siku nne. Daktari wa zamu hakugomba wala nini, aliuliza swali moja tu: "Mama, dawa umeacha lini?" Nilipomuuliza kwa nini aliwaamini wale watu, akanijibu, "Lakini kompyuta haiongopi, mwanangu." Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Nilikosa la kusema.

Basi, Mungu si Athumani. Kama miezi miwili baadaye anaingia kijana dukani kwangu, si yule wa mama mkubwa, mwingine kabisa, na mkoba mgongoni. Anatoa kompyuta, anatoa kijisanduku cheupe. Soketi ya USB imelegea, ukitikisa waya inakata. "Fundi, hii ndiyo ofisi yangu, nisaidie leo hii hii." Nikamwambia aache, arudi saa kumi.

Soketi nilichomelea kwa lehemu dakika ishirini. Na fundi yeyote lazima ajaribu kazi yake kabla ya kumrudishia mteja, si ndiyo? Nikawasha programu. Kitu cha kwanza inauliza jina, jinsia, umri, urefu na uzito. Hapo tu nikaanza kupata picha.

Nikachukua kitambaa ninachofutia meza, nikakichovya kwenye maji, nikakikamua, nikakizungushia kijiti. Jina: Kitambaa. Mwanamume, miaka 58, kilo 95. Dakika moja kamili, majibu haya hapa: tezi dume imetanuka, ini lina mafuta, kolesteroli imepanda. Sikugusa kitambaa wala kijiti, nikabadilisha maelezo tu. Mwanamke, miaka 24, kilo 50. Tezi dume ikapona, zikaja homoni kuvurugika na upungufu wa kalsiamu. Nikarudia yale maelezo ya kwanza, mwanamume yuleyule wa kilo 95. Safari hii tezi dume "kawaida", figo ndiyo mbovu. Mwisho nikavua kitambaa, nikaacha kijiti kikavu juu ya meza. Ikagoma, ikaniandikia nishike vizuri.

Kwa anayejua umeme, hapo kila kitu kiko wazi. Kinachotambuliwa na kile kijiti ni kama kuna kitu chenye unyevu kinapitisha umeme, basi. Kiganja chenye jasho kinapitisha, kitambaa kibichi kinapitisha. Haya mengine yanatoka kwenye umri na uzito ulioandika mwenyewe, na kubahatisha. Mwanamume wa miaka 58 mwenye kilo 95 ukimwambia tezi dume na kolesteroli, mara nyingi atatikisa kichwa akubali. Hata mpiga ramli angemwambia hayohayo, tena bila printa.

Jina lao refu la kitaalamu, "quantum magnetic resonance analyzer", limebeba maneno yaleyale ya MRI (magnetic resonance imaging), mashine ya kweli ya hospitali kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Kwa hiyo tuzilinganishe. MRI ya kawaida ina sumaku ya tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Ina uzito wa tani kadhaa, na koili zake zinapozwa kwa heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kabla ya kuingia unavuliwa saa, funguo, mkanda, kila chenye chuma. Kijisanduku cha mezani kinakula umeme wa USB: volti 5, nusu ampea, yaani wati 2.5. Balbu ya chumbani kwako inakula zaidi. Kama mle ndani kungekuwa na sumaku ya MRI, kijana angekuwa ameshanyang'anywa saa yake na kijiti chake mwenyewe.

Sisemi umeme haupimi mwili. ECG inasoma umeme wa moyo kupitia kifuani, na inasoma moyo tu, haikuambii kalsiamu. Kile kipimo kidogo cha sukari cha kutoboa kidole nacho kinapima umeme, ila kwanza damu yako inakutana na kimeng'enya kwenye kijikaratasi, sukari inatoa umeme kidogo, ndio unahesabiwa. Hakuna damu, hakuna jibu. Anayekwambia kasoma sukari yako kwa kushika chuma, muulize sukari imetokaje kwenye damu ikafika kwenye chuma.

Na wala si ujanja mpya. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920, daktari mmoja wa San Francisco aitwaye Albert Abrams alikuwa na masanduku ya umeme yanayosoma ugonjwa wowote kutoka kwenye tone la damu. Mengine aliwakodisha wenzake kwa masharti wasiyafungue. Watu wakapeleka damu bila kusema imetoka kwa nani. Majibu: malaria, kisukari, saratani na kaswende. Damu ilikuwa ya jogoo.

Najua kuna mtu hapo ameshawaza papai. Mei 2020 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na korona; Africa CDC wakapinga, wakasema vipimo ni vizuri. Ugomvi ule sitaki kuufufua hapa. Ila tofauti ni hii: maabara ya kweli kila inapopima inaweka sampuli mbili za kujikagua, moja inajulikana ina ugonjwa na nyingine inajulikana haina, ili mashine ikikosea ijulikane. Mwulize kijana wa mezani sampuli zake za kujikagua ziko wapi.

Kingine kinachowapata watu ni vyeti. Pale mezani vimetundikwa kwenye fremu, vina mihuri, vinang'aa. Nimevisoma vya huyu kijana: kimoja ni cha jina la biashara kutoka BRELA, kingine ni TIN ya TRA. BRELA wamesajili jina, TRA wanataka kodi yao. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeijaribu mashine. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (ile iliyokuwa TFDA hadi 2019), maabara binafsi za afya zina bodi yake, daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na tiba asili na tiba mbadala nazo zina baraza lake kwa sheria ya 2002. Kwa hiyo uliza mambo mawili tu: usajili wa TMDA wa hiyo mashine, na jina kamili na namba ya usajili ya aliyevaa koti. Ukijibiwa kwa bango, ondoka.

Lakini lawama zote tukimtwika kijana wa mezani tutakuwa tunajidanganya. Mama mkubwa alikwenda pale kwa sababu kuna kiti, anaitwa mama, anapewa karatasi, na hapangi foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Zahanati wakimpima wanamtajia namba na kumwambia "endelea na dozi", imeisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, lakini yule mama wa gulioni bado anaamua kwa hela iliyo kwenye khanga. Elfu kumi ya "mwili mzima" inamvutia kuliko kulipia sukari peke yake, figo peke yake. Hata ule umati uliokwenda Loliondo mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Babu tuliucheka baadaye tukiwa tumeshiba. Babu angalau alichukua sh. 500 na hakuwa na printa.

Kwa wenye wazazi: presha na sukari ndivyo vya kuanzia. Presha kipimo chake ni mkanda, ukae umetulia dakika tano kwanza. Ikiwa 140/90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hilo ni la daktari. Sukari asubuhi kabla ya kula, ikifika 7.0 (mmol/L) na kuendelea, hivyohivyo. Kila mwaka karibu na Mei 17 na Novemba 14, siku za presha na kisukari duniani, sehemu nyingi wanapima bure. Mpeleke mzee siku hizo.

Saa kumi kijana alirudi. Nikamkabidhi mashine yake na karatasi tatu. Nikamwambia, "Mgonjwa huyu anaitwa Kitambaa, nimekupimia." Alicheka. Halafu akasoma ukurasa wa pili, akaacha kucheka. Akaniambia yeye kaishia kidato cha nne, mashine kauziwa 250,000 na mtu aliyemwingiza kwenye biashara, mafunzo siku moja. Elfu kumi ya kupima ni ya ushuru na chakula tu, faida iko kwenye maboksi, na asipouza maboksi ya kutosha kwa mwezi anashuka daraja. "Hata mama yangu nimempima hii, fundi," akasema. Nikamuuliza mama ana presha? Hakunijibu. Akalipa elfu nane ya soketi, akaondoka na karatasi zake zote tatu.

Mama mkubwa karudi kwenye amlodipine, wiki iliyopita alikuwa 138/86. Boksi la tatu bado liko kabatini, juu ya vyombo vya wageni. Nimemwomba anipe nilitupe, kakataa katakata. "Elfu sitini na tano hiyo, mwanangu. Kikoba nalipa mpaka Desemba."