Chuma cha vitumbua cha vishimo saba: nunua kizito

Madukani utakuta vyuma vya vitumbua vya aina tatu: cha chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), cha aluminiamu, na kile chepesi cheusi kilichopakwa dawa ya kuzuia kuganda. Tunachokipima hapa ni cha kwanza, na tangu mwanzo tuseme ndicho cha kununua, ingawa kinasumbua wiki ya kwanza.

Uzito ndio sifa yake. Uji wa vitumbua ni wa baridi. Ukiumimina kwenye aluminiamu nyepesi, kishimo kinapoa, kisha joto linapanda ghafla. Matokeo yake nje pameungua na ndani bado ni uji. Chuma kizito hakishtuki. Mafuta yanaendelea kuchemka pembeni, na kitumbua kinavimba papo hapo.

Dukani, pitisha kidole ndani ya kila kishimo. Ukihisi vijitundu au mikwaruzo, rudisha, maana hapo ndipo uji utakaposhika kila siku. Kigonge kwa kijiko pia: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kina mlio mfu. Mpini ukiwa wa chuma kitupu, andaa kitambaa kinene.

Usikaangie kikiwa kipya. Kioshe, kikaushe motoni, jaza mafuta na chumvi ya mawe kwenye vishimo, acha hadi moshi uanze, kipoe, kisha ufute kwa karatasi. Rudia mara tatu, nne. Hata hivyo mkupuo wa kwanza wa vitumbua utang'ang'ania. Ni kawaida, wape watoto makombo.

Jikoni, mkaa unakifaa kuliko vyote kwa sababu joto linaenea chini kote. Kwenye gesi, kishimo cha katikati kinawahi kuiva. Kimiminie uji mwisho, na ukizungushe chuma robo duara kila baada ya dakika moja. Jiko la umeme la sahani bapa halikifai kabisa: matumbo ya vishimo yanagusa sehemu chache tu.

Malalamiko mengi kwamba "chuma kinashika" chanzo chake ni uji. Vikombe 2 vya mchele uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa vinataka tui zito kikombe 1 na nusu, hamira kijiko 1 cha chai, hiliki, na sukari isiyozidi nusu kikombe. Sukari ikizidi, inaungua kabla ya mchele kuiva na kugandisha kitumbua chini. Saga mpaka ukisugua uji kati ya vidole usihisi chenga. Zikibaki, kitumbua kinakatika wakati wa kugeuza. Vijiko 2 vya wali uliopikwa, vikisagwa humo humo, vinasaidia kushikamanisha. Uji ulioumuka uteleze kutoka kwenye upawa kwa utepe mzito. Ukichuruzika kama maji, vitumbua vitakuwa bapa na vitakunywa mafuta. Hapo ongeza unga wa mchele kijiko kimoja kimoja.

Weka mafuta kijiko 1 cha chai kila kishimo, subiri yatetemeke, jaza uji robo tatu. Usiguse mpaka ukingo ubadilike rangi na vitundu vitokee juu. Kisha chomeka kijiti cha mshikaki pembeni, zungusha, geuza. Kikigoma, bado hakijaiva chini. Kukilazimisha ni kukirarua.

Kasoro zake? Kinachukua kama dakika kumi kupata moto, na vishimo saba ni vichache kwa futari ya watu wengi. Kinashika kutu pia ukikiacha na maji usiku mmoja tu. Usikisugue kwa sabuni na steelwire. Futa kingali vuguvugu, paka mafuta kidogo, kifunge kwenye gazeti. Kutu ikishaingia, isugue kwa chumvi na nusu ya ndimu, kisha uanze upya kazi ya mafuta na chumvi.