Ushauri Nasaha kwa Aliyeacha
Anayevunja uhusiano kwa kinywa chake mwenyewe mara nyingi huja kwa mshauri nasaha akiwa na hofu ya kuhukumiwa, kwa kuwa ndugu na marafiki humwona kuwa ndiye asiyeumia. Ndiyo maana huduma hii, kwa maoni yangu, inastahili sifa: mshauri mzuri hatafuti mwenye makosa, bali humtaka mteja ataje anachohisi, kitu kimoja baada ya kingine. Kwa aliyeacha, orodha hiyo huwa na kufarijika, hatia, huzuni, na majuto ya kuchelewa kusema, vyote kwa wakati mmoja.

Sehemu iliyo na manufaa makubwa zaidi ni pale mteja anapokiri kuwa huzuni yake ilianza kabla ya kuachana, siku alizokuwa akiishi na mwenzake huku akijua moyoni kuwa mambo yamekwisha. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini usiku, baada ya kuachana, huchukua simu aandike ujumbe wa kurudiana, kisha huiweka chini bila kutuma.

Udhaifu wa huduma hii ni mwendo wake. Mshauri huuliza zaidi kuliko anavyojibu, na anayetaka aambiwe kama alikosea au la atatoka na swali jingine. Kwa anayebeba hatia na hana pa kuitua, ningeipendekeza. Kwa anayetafuta mpatanishi, wazee wa familia wanafaa zaidi.