Nilivyotendewa nilipoomba rekodi za kesi ya jinai Nairobi

Nianze na lile lililonikera, kwa maana mengine yote ningeyavumilia. Karani wa masjala ya jinai katika mahakama moja ya mahakimu hapa Nairobi, ambayo sitaitaja, alipokea karatasi niliyoandika nambari ya kesi ya mdogo wangu, akaitafuta kwenye kompyuta, akamgeukia mwenzake aliyeketi meza ya nyuma, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Hii ni ile ya wizi wa mtumishi. Sasa mwizi anataka karatasi za nini?" Mdogo wangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu, amevaa shati alilopiga pasi kwa ajili ya siku hiyo. Mahakama iyo hiyo ilikuwa imemwachilia huru, na uamuzi wa kumwachilia ndio tuliokuwa tumeufuata.

Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Mali ikapotea, akakamatwa yeye, akashtakiwa chini ya kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu wizi unaofanywa na mtumishi au karani. Mashahidi wa upande wa mashtaka walipokwisha kutoa ushahidi wao, hakimu aliamua kwamba hana kesi ya kujibu, akamwachilia chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Nambari hiyo ina uzito mkubwa. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Aliyeachiliwa chini ya 210 amemaliza. Mwajiri mpya alikuwa amesikia habari za kesi hiyo, kama watu wanavyosikia, akamtaka alete karatasi ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha ilivyokwisha. Ndugu wengi walitushauri tuchukue cheti cha tabia njema, lakini cheti hicho hutolewa na polisi wa idara ya upelelezi baada ya mtu kupigwa alama za vidole, na hakimwambii mwajiri hakimu alisema nini na kwa sababu gani. Neno la hakimu liko katika faili, na faili liko masjalani.

Kulipata faili lenyewe si kazi ngumu kwa mtu anayejua aanzie wapi. Jambo la kwanza ni kujua mahakama. Nairobi ina Milimani, Makadara, Kibera, ile ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na ile ya Kahawa, na kila moja ina masjala yake. Karani wa Makadara hana sababu ya kujua kilichoamuliwa Kibera. La pili ni nambari ya kesi na mwaka wake. Tangu mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao ulipoanza Nairobi mwezi Julai 2020, nambari nyingi hutanguliwa na herufi E, na ukiiacha herufi hiyo unaweza kuletewa kesi ya mtu mwingine kabisa. Asiye na nambari aanze na karatasi ya dhamana au karatasi ya mashtaka, maana zote huandikwa nambari. Nilitafuta pia katika tovuti ya Kenya Law, ambayo husomwa bila malipo na ina hazina kubwa ya maamuzi ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu, lakini uamuzi wetu wa hakimu sikuukuta humo. Ikabidi twende dirishani.

Pale dirishani, baada ya neno lile la mwizi, nilimwambia karani kwa upole kwamba mdogo wangu aliachiliwa na kwamba tunaomba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa. Hakuomba radhi. Aliniuliza, "Wewe ni wakili?" Nikamjibu kwamba mimi ni dada yake, na mwenyewe ni huyu hapa. "Basi mama, nendeni mlete wakili. Hatutoi faili ovyo ovyo. Na kwanza mniambie mnaitaka ya nini." Nilipoanza kumweleza, alipunga mkono akamwita aliyekuwa nyuma yetu, akaniambia nisimame kando.

Kifungu cha 392 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema kwamba mtu aliyeguswa na hukumu au amri ya mahakama ya jinai, akiomba nakala yake au ya sehemu yoyote ya kumbukumbu za kesi, atapewa akilipia, na mahakama ikiona sababu maalumu inaweza kumpa bure. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima aje na wakili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa hadharani na haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, katika muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada inayofaa. Kuhusu swali lake la pili, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba haki ya raia ya kupata habari haipunguzwi na sababu anayoitoa, wala na dhana ya afisa kuhusu nia yake. Sheria iyo hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ofisi ya umma inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ninayaandika haya kwa kirefu kwa sababu anayesimamishwa pale kando hana mtu wa kumsomea, na karani alizungumza kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuaminiwa.

Nakubali kwamba yapo mafaili ambayo karani anapaswa kuyalinda. Kesi za watoto na kesi za dhuluma za kingono zina majina yasiyofaa kuanikwa, na ningemheshimu sana mtu wa masjala anayesita kabla ya kumfungulia mgeni faili la namna hiyo. Lakini karani huyu alimnyima mwenye kesi karatasi zake, halafu akalitangaza shtaka lake kwa watu waliokuja kwa shughuli zao. Usiri alioudai kwa faili hakuuona kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Nikiwa kando hapo nilizungumza na mama mmoja aliyetoka Dandora, ambaye kijana wake alikuwa amefungwa. Alikuwa akifuatilia nakala ya mwenendo wa kesi ili wakate rufaa, na kila alipokuja aliambiwa haijachapwa. Alikuwa akilia kwa sababu siku 14 za kukata rufaa zilikuwa zimepita, naye aliamini kwamba mlango umefungwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaitaka mahakama inayopelekewa rufaa ikubali rufaa iliyochelewa, ikiridhika kwamba kilichoichelewesha ni kukosa nakala ya hukumu na ya kumbukumbu za kesi ndani ya muda unaofaa baada ya kuziomba. Nilimwandikia nambari ya kifungu nyuma ya risiti yake. Karani yule angeweza kumwambia hayo kwa sentensi moja, naye hakumwambia.

Siku hiyo ningeandika kwamba mtu asisumbuke kwenda, amtume wakili na kuimeza gharama. Wiki chache baadaye ningeandika mengine. Tuliporudi tulibeba barua fupi ya Kiswahili iliyoelekezwa kwa msimamizi wa mahakama, yenye jina la mdogo wangu kama lilivyo katika kitambulisho, nambari ya kesi, mwaka, tarehe ya uamuzi, na ombi la kulipitia faili na kupewa nakala iliyothibitishwa. Tulipokelewa na mzee mmoja wa masjala, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliyeisoma barua yote kabla ya kusema neno. Alimwambia mdogo wangu, "Kijana wangu, hii ni haki yako, kaa hapo." Tulilipa ada kwa simu, na risiti ikaja papo hapo. Ada yenyewe haikuniumiza. Nilitumia zaidi kwa matatu na kwa kuacha kazi yangu.

Faili lililetwa limefungwa kwa uzi mweupe, jalada lake limechakaa pembeni na kujaa tarehe za kutajwa kwa kesi, moja chini ya nyingine, kila moja ikiwa na mwandiko tofauti. Ndani mlikuwa na karatasi ya mashtaka, taarifa za mashahidi, na mwandiko wa hakimu uliolala upande mmoja, wenye vifupisho ambavyo mzee yule alitusomea bila kuchoka. Tulipofika ukurasa wa uamuzi, mdogo wangu aliweka kidole chini ya nambari 210 na kukiacha hapo kwa muda. Sijawahi kuhudumiwa vizuri namna ile katika ofisi yoyote ya serikali, na ninasema hivyo nikijua nimeingia ofisi nyingi.

Kwa hiyo ningewasifu, na kwa siku kadhaa niliwasifu kwa kila aliyeniuliza. Kisha nakala iliyochapwa ikawa tayari, na aliyekuwa dirishani alikuwa karani yule wa kwanza. Nilimwomba anipe nafasi niisome kabla sijaondoka, kwa sababu mwajiri angelinganisha kila herufi na kitambulisho. Jina la ukoo lilikuwa limekosewa, "r" imekuwa "l". Nilipomwonyesha alisema, "Si ni yeye tu? Mbona mnapenda kusumbua?" Mzee hakuwepo siku hiyo. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya kuchapa ndiye aliyeinuka mwenyewe, akaichukua karatasi, akarekebisha, akaipeleka kwa sahihi na muhuri, na sote tukamaliza kabla ya chakula cha mchana. Herufi moja ingemnyima mdogo wangu kazi, naye karani aliiona kuwa usumbufu.

Sasa mdogo wangu yuko kazini. Ukiniuliza kama huduma hii inafaa, nitasema masjala ina watu wawili wanaojua kazi yao na dirisha moja linalowaharibia jina, na anayefika hajui atampata nani. Aende na barua, aandike kila kitu, asome nakala yake herufi kwa herufi kabla ya kuondoka, na akikataliwa bila maandishi apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria ya 2016 imeipa kazi ya kuyapitia. Mimi nimeshamwandikia msimamizi wa mahakama kuhusu yaliyosemwa mbele ya foleni, na nimeomba mambo mawili: shtaka la mtu lisisomwe kwa sauti dirishani, na karani yule amwombe radhi mdogo wangu kwa jina lake. Bado hatujarudishiwa pesa za dhamana, na zinadaiwa katika jengo lilo hilo. Tutakwenda mwezi huu, na nakala ya barua hiyo nitakuwa nayo mkononi.