TAHADHARI: Anayepita majumbani Lamu kusafisha dhahabu anaondoka nayo chupani

Ndugu zangu wa Lamu, hasa mama zetu na mashangazi, someni hii, kisha mpigieni simu kila mzee anayebaki peke yake nyumbani asubuhi. Kuna mtu anapita mitaani akijitia kusafisha vyombo vya shaba na vito vya dhahabu. Jana aliingia kwetu Langoni. Bangili sita za mamangu, alizovishwa siku ya harusi yake, zimepungua gramu tano na nusu. Wala hazikuibwa. Zote sita anazo.

Alianza na sinia la shaba, tena bure. Unga kidogo wa rangi ya waridi, kitambaa, sinia likang'aa kama jipya. Mama akafurahi, akamletea maji ya kunywa. Ndipo yule bwana akasema, "Mama, hizo bangili zimeshika jasho. Nizitie dawa, mia tatu tu." Mama akamletea kisufuria cha alumini. Akakikataa, akatoa begini chupa yake ya kioo yenye mdomo mpana, akamimina maji ya rangi ya chungwa, akazitumbukiza.

Mama anasema ukatoka moshi wa hudhurungi na harufu iliyomkaba koo hadi akasogea mlangoni. Akaambiwa hiyo ni dawa inakula uchafu. Matone mawili yakaangukia daka, baraza letu la mlangoni, yakachemka povu palepale. Akaambiwa ni sabuni. Robo saa hivi ikapita, akazitoa bangili, akazisuuza, akazipaka manjano, akazifunga kitambaani na kumsihi asizifungue hadi baada ya alasiri ili "rangi ikamate". Akaifunga ile chupa kwa uangalifu, akaitia begini, akaaga.

Mimi hufundisha kemia sekondari. Niliporudi mchana nilichokiona kwanza ni daka: mabaka mawili yaliyolika, kila moja upana wa sarafu ya shilingi tano, chokaa imekuwa laini ukigusa kwa ukucha. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ikikutana na asidi hutoa gesi ya kabonidioksaidi. Lile povu ndiyo hiyo gesi. Sabuni haili daka. Na sufuria aliikataa kwa sababu hiyohiyo: asidi ingeitafuna alumini mbele ya macho ya mama, lakini kioo haikidhuru.

Dhahabu ni ngumu kuchokozwa. Pepo za bahari zinazokula nondo za madirisha yetu haziiwezi. Asidi ya nitriki peke yake haiiwezi, ya hidrokloriki peke yake haiiwezi. Ukizichanganya, kiasi kimoja cha nitriki kwa vitatu vya hidrokloriki, unapata kile wanachokiita maji ya kifalme, na hayo huila. Ya kwanza huing'oa dhahabu kidogokidogo, ya pili huikamata isirudi. Ule moshi wa hudhurungi ni gesi ya nitrojeni dioksaidi, sumu kwa mapafu. Mama alikohoa mpaka usiku.

Sasa lishikeni hili, kwa maana ndiko wizi uliko. Dhahabu ikiyeyuka haipotei. Sonara akiitia motoni ikafika nyuzi 1064 za Selsiasi itakuwa maji, ikipoa itakuwa dhahabu ileile kwa uzito uleule. Hilo ni badiliko la kimaumbile. Ndani ya maji ya kifalme hubadilika kikemia, inakuwa kitu kingine kisichoonekana kwa jicho, maji ya manjano tu, lakini kila chembe yake imo mle chupani. Akifika kwake huongeza kemikali nyingine, dhahabu ikatuama chini kama unga wa kahawia, akauyeyusha na kuuza. Mwaka 1940, Wajerumani walipoingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwanakemia George de Hevesy aliyeyusha hivyo medali mbili za dhahabu za tuzo ya Nobel, za Max von Laue na James Franck, akaiacha chupa rafuni. Askari walipekua wasiitambue. Baada ya vita dhahabu ikatolewa na medali zikafanywa upya. Elimu iliyookoa mali ya watu kule ndiyo iliyomwibia mamangu dakani kwake.

Kwa hiyo mtazameni mtu na maji yake. Anayekuoshea kitu humwaga uchafu. Huyu aliubeba kama amebeba mtoto.

Bangili nilizipeleka kwa sonara, na wengine wameniuliza kwa nini hakugundua ni mbovu. Si mbovu! Alizipima, akasema ni karati 21 safi, na ni kweli. Kilichobaki ni dhahabu yenyewe, densiti yake, yaani uzito kwa kila ujazo, haijabadilika, kwa kuwa uzito na ujazo vimepungua pamoja. Wala kuziangalia rangi hakusaidii. Mizani ndiyo iliyosema: risiti ya zamani ya mama imeandikwa gramu 48.2, jana zilikuwa 42.7. Ukizitazama karibu utaona nakshi imefifia, yale majani madogo yaliyokuwa yakikwaruza kidole sasa ni laini. Kama si risiti ile, iliyokunjwa ndani ya msahafu miaka yote hii, tusingekuwa na la kusema kituoni. Tumeshapiga ripoti polisi na tumewaachia risiti zote mbili, ile ya zamani na ya sonara ya jana.

Dhahabu iliyopoteza mng'ao kwa kawaida imeshika mafuta ya mwili na sabuni, basi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini, umemaliza. Kama na wewe umeshapitiwa, usisubiri: nenda ukapime leo, hata kama bangili zinang'aa. Zisuuze kwanza kwa maji mengi kabla ya kuvaa, na ukirukiwa na yale maji mwilini, jimwagie maji yanayotiririka kwa muda mrefu kisha nenda hospitali. Mtoto asikaribie wala asinuse.

Jirani yetu alimsikia akiuliza boti ya Shela, na mwingine anasema alionekana gatini jioni akingoja ya Mokowe. Mwenye mama, bibi au shangazi Shela, Mokowe au Mpeketoni, mpigie simu usiku huu, umwambie akimwona mtu na chupa ya kioo yenye maji ya chungwa afunge mlango na aite majirani.