Benki ya Chakula ya St. Mary's, Phoenix: Tathmini ya Huduma

Anayeipima Benki ya Chakula ya St. Mary's ya Phoenix, Arizona, kama jiko la kuwapikia maskini ataikosea, kwa kuwa kazi yake kubwa ni ya ghala la jumla: hupokea chakula ambacho maduka na viwanda haviwezi tena kukiuza ingawa bado kinalika, hukichambua, kisha huyagawia makanisa na mashirika ambayo ndiyo yanayokutana na mwenye njaa.

Mpango huo ulianza mwaka 1967, baada ya John van Hengel, mfanyabiashara mstaafu aliyekuwa akijitolea kulisha maskini, kukutana na mama wa watoto kumi aliyewalisha kwa vyakula vilivyotupwa na duka. Mama huyo ndiye aliyesema kwamba pangefaa kuwe na mahali pa kuweka na kutoa chakula, kama benki ifanyavyo kwa fedha. Kwa maoni yangu, jina hilo linaieleza huduma kuliko majina mengi ya hisani. Basilika ya St. Mary ilitoa dola 3,000 na jengo lililokuwa limeachwa.

Kukua kwake kulitegemea sheria kama kulivyotegemea huruma, kwani mabadiliko ya kodi ya Marekani ya mwaka 1976 yaliyapa makampuni nafuu zaidi yanapotoa bidhaa kwa hisani. Mwaka 1979 van Hengel aliunda mtandao wa Second Harvest, ambao leo unaitwa Feeding America na una benki za chakula zipatazo 200.

Hapo ndipo kasoro ya mpango ilipojitokeza. Mtandao uligawa shehena kwa zamu, bila kujua kila benki ina nini ghalani, hata viazi vikaweza kupelekwa Idaho, jimbo linalosifika kwa kuvilima. Tangu mwaka 2005 kila benki hupewa sarafu ya ndani ya mtandao, isiyo fedha halisi, kwa kadiri ya mahitaji ya eneo lake, na huitumia kushindania shehena inayoitaka katika mnada. Nayaona hayo kuwa maboresho makubwa kuliko ghala lolote jipya.

Lakini mazoea ya kuhesabu mafanikio kwa ratili bado hayaridhishi, kwa sababu ratili moja ya soda huingia katika hesabu sawasawa na ratili moja ya maharagwe.