Bango la haki za binadamu la shilingi 7,000: zuri, ila hesabu vifungu kabla hujalipa

Mimi ni kinyozi, Wete, Pemba. Banda langu lina kiti kimoja cha kunyolea na benchi la watu wanne, na benchi hilo halinyamazi. Ukutani palikuwa na picha ya mitindo ya nywele iliyoliwa na jua mpaka vichwa vyote vikawa vya kijani. Mwezi uliopita nikaingia duka moja la madaftari hapa mjini kutafuta cha kuzibia pale, nikaona bango la Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, vifungu 30 kwa Kiswahili, limetiwa nailoni ngumu. Muuzaji alitaka 8,000, tukamalizana kwa 7,000.

Nailoni sina la kuilalamikia. Imerukiwa na poda, spiriti na mate ya wabishi, napitisha kitambaa tu. Herufi za kifungu cha 1 unazisoma umekaa kitini, lakini zinazidi kupungua, na kufika cha 25 lazima usimame ubandike pua ukutani.

Kasoro yenyewe ni hii: kifungu cha 17, cha haki ya kumiliki mali, kimechapwa mara mbili, na cha 18, cha uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, hakimo. Nilirudi dukani nikaambiwa ni kompyuta hiyo, na kubadilishiwa sikubadilishiwa. Benchi halikukubali habari ya kompyuta. Kijana wa bodaboda akafungua simu, akatusomea kwamba azimio lilipopitishwa na Umoja wa Mataifa, Paris, tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 hazikupiga upande wowote. Saudia ilikuwa mojawapo, na moja ya yaliyoikwaza ni hicho hicho cha 18, kwa kuwa kinataja haki ya kubadili dini. "Basi aliyechapa hili ni Msaudia," mtu akasema. Lakini Pakistan, nayo nchi ya Waislamu, iliunga mkono. Sisi hatukuulizwa, Unguja na Pemba zilikuwa bado chini ya Muingereza.

Bango hili nalipatia nyota nne kwa ajili ya neno moja tu. Maalim, mzee wangu wa kila Ijumaa asubuhi, alikuwa kitini, povu nusu ya kidevu, akawa anasoma kwa sauti yake ile ya darasani: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri..." Akanishika mkono wenye wembe.

"Wamejaliwa na nani?"

Nikasogea nikasoma. Hakikusema. Na sisi hapa mtu akikwambia kajaliwa mtoto, humuulizi kajaliwa na nani, unaitikia mashaallah. Kijana wa bodaboda akapekua tena. Kumbe walipokuwa wakiliandika, Brazil ilitaka Mungu atajwe kwenye kifungu hicho hicho, na Peng-Chun Chang wa China akakataa, kwa kuwa ulimwengu una imani nyingi. Hata maneno ya kusema watu wamejaliwa hivyo kwa maumbile yakaondolewa. Wakaacha pengo, kila mtu ajazie lake.

"Na aliyefasiri kamrudisha kwa mlango wa uani," Maalim akasema, kidevu juu, niendelee.

Seremala mmoja kwenye benchi hakuridhika. Yeye anashikilia kwamba haki inatoka serikalini: pasipo sheria hakuna haki, kuna huruma tu. Maalim hakumjibu mpaka nilipomaliza shavu la pili. Kisha akatusimulia habari za bibi yake, aliyezaliwa mtumwa kwenye shamba la mikarafuu. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 haikuwaacha watu huru kwa mkupuo. Kila mmoja alitakiwa aende mwenyewe akadai uhuru wake, na fidia akilipwa tajiri wake. Bibi alikwenda, akapewa karatasi.

"Sasa niambie, fundi. Siku moja kabla ya karatasi, bibi yangu hakuwa na haki, au alikuwa nayo imekaliwa?"

"Sheria ilisema hana."

"Sheria nimeshaisikia. Nakuuliza wewe."

Seremala akaangalia nje, kwenye majamvi ya karafuu. Mimi nilikuwa na jibu langu, la kinyozi: mteja akiondoka bila kulipa, nasema nadai haki yangu. Sisemi naomba. Na kitu hukidai mpaka kiwe chako tayari. Lakini sikulitoa, kwa sababu Maalim alikuwa bado hajamaliza, na alilolisema halikuwa jepesi kwetu sote. Alisema yule tajiri naye akisali, na Suratul Israa akiisoma, pale Mwenyezi Mungu anaposema kawatukuza wanaadamu. Alijua haki inakotoka. Na bado bibi akarudi kwenye karafuu za tajiri huyo asubuhi yake.

Basi ukilitaka bango hili, lifungue dukani, hesabu mpaka 30 mbele ya muuzaji, ndiyo utoe pesa. La kwangu nimelitengeneza mwenyewe: Maalim alinisomea kifungu cha 18, nikakiandika kwa kalamu nzito juu ya ile 17 ya pili. Spiriti inakifuta. Kila baada ya wiki mbili nakiandika upya.